Mega Drive Mini na Super Nintendo Mini: fundi amezifungua zote mbili

Nianze na jibu, maana najua baadhi yenu mnasoma huku pesa mmeshazitoa mfukoni. Kama kwenu mnacheza wawili wawili na kuna foleni ya wanaosubiri zamu, chukua Mega Drive Mini, mashine ya gemu ya Sega. Kama wewe ni wa kucheza peke yako usiku watu wameshalala, chukua Super Nintendo Mini, ya Nintendo. Jibu hili halikunifurahisha hata mimi niliyelitoa. Mie ni mtu wa Nintendo toka utotoni. Sega ilikuwa nyumbani kwa ami yangu, Kikwajuni, ilikuja kutoka Dubai ndani ya sanduku la nguo, na sisi tusiokuwa nayo tulikuwa tukiisema vibaya kila tukishatoka mlangoni kwake.

Zimenifikia vipi? Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme, nina kibanda Mlandege, Unguja. Mteja wangu mmoja anayeishi London alikuja likizo Ramadhani iliyopita akaniachia zote mbili nizifungue, nizisafishe, nizijaribu, akasema hana haraka. Mtu akimwambia fundi kwamba hana haraka, ajue vyombo vitakaa. Vilikaa mpaka Idi.

Kwa asiyezijua: ni nakala ndogo za mashine za gemu za zamani. Super Nintendo Mini ilitoka Septemba 2017 ikiwa na gemu 21. Mega Drive Mini ilitoka Septemba 2019 na gemu 42, Ulaya wakaipata Oktoba. Marekani kila moja iliuzwa dola 79.99. Hazipokei kaseti. Gemu zimo ndani, unachomeka HDMI kwenye TV, unachomeka waya wa USB kwenye umeme, basi. Za Ulaya haziji na kichwa cha chaja, lakini cha simu yako kinatosha, na hata pawabenki inazisukuma bila taabu. Nyumba yenye TV ya sola yenye tundu la HDMI inaweza kucheza umeme ukiwa umekatika mtaa mzima, jambo ambalo mashine za asili zisingeweza.

Nilipotoa skrubu za Super Nintendo Mini (nitaiita Super) nilikuta bodi ndogo kuliko kiganja, imefunikwa bati la kupoza, na chini ya bati prosesa ya Allwinner R16, ile ile waliyoitumia kwenye NES Mini ya 2016, nakala ndogo ya NES, mashine ya Nintendo iliyotangulia Super. Kumbukumbu megabaiti 256, hifadhi megabaiti 512. Sehemu nyingine yote ya boksi ni hewa. Nikafungua Mega Drive Mini, hadithi ile ile kwa jina jingine: chipu moja ya ukoo wa ARM, na hewa. Sega na Nintendo waliokuwa wakigombana kwa ajili ya chipu leo wanalala kwenye chipu za ukoo mmoja, daraja la tableti ya bei rahisi. Ukizitazama kwa jicho la fundi, ni chombo kimoja kilichovaa nguo mbili.

Lakini washa TV ucheze, utaona ugomvi uko pale pale.

Ulikuwa ugomvi wa hela ipelekwe wapi. Mega Drive ya asili ilitoka Japani Oktoba 1988 na ndani yake Motorola 68000, prosesa iliyokuwa pia kwenye Macintosh ya kwanza, ikienda megahezi 7.6 na ushei. Nintendo hawakukurupuka, NES yao bado ilikuwa inauzika. Super Famicom, jina la Super Nintendo kule Japani, ikatoka Novemba 1990 na prosesa ya megahezi 3.58. Kwa namba hizo tu utasema mechi imekwisha. Kumbe wenzao walinunua vitu vingine. Super inaonyesha rangi 256 kwa pamoja kutoka kwenye 32,768, wakati Mega Drive inaonyesha 64 kutoka kwenye 512. Super inaweza kuizungusha na kuikuza picha nzima ya chini, ndiyo maana barabara za F-Zero, gemu ya mbio za magari, zinageuka chini ya gari lako. Na sauti ni chipu ya Sony, kazi ya Ken Kutaragi, huyo huyo aliyekuja kuileta PlayStation. Inacheza sauti zilizorekodiwa, nane kwa mara moja. Mega Drive sauti zake inazifua yenyewe kwa chipu ya Yamaha, na ndiyo maana besi yake ina ukali wa bati. Mie masikio yangu yalikuwa yakiikataa besi hiyo. Siku hizi naipenda kuliko zile fidla za Super, ambazo nyingi zinasikika kama zinapigwa chumba cha pili mlango umefungwa.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba visanduku hivi vinaiga mpaka uchovu. Weka Super Ghouls'n Ghosts kwenye Super Mini. Maadui wakianza kujaa, gemu inaburuta miguu, kila kitu kinakwenda polepole, halafu wakipungua inaamka tena. Chipu iliyomo ndani leo haichoki kwa kazi hiyo, ina nguvu mara nyingi zaidi. Ni programu inayoishika mkono, kwa sababu mashine ya kweli ilichoka hapo hapo. Programu hiyo imeandikwa na watu wa Nintendo wenyewe walioko Paris. Sasa nenda upande wa pili uweke Gunstar Heroes, gemu ya 1993 ya Treasure, kampuni iliyoanzishwa na watu waliotoka Konami. Milipuko inakijaza kioo, risasi haziishi, mabosi, wale maadui wakubwa, wameungwa kwa vipande vipande vinavyojikunja, na mambo yanakwenda. Hiyo ndiyo 68000. Sega kazi ya kuiga waliwapa M2, kampuni ya Kijapani iliyokwisha kujijengea jina kwa kuzirudisha gemu za zamani, na inaonekana wazi kwamba walioifanya wanaipenda. Badilisha lugha ya menyu kwenda Kijapani, gemu nyingi zinageuka kuwa matoleo ya Kijapani na picha za maboksi zinabadilika. Muziki wa menyu ameutunga Yuzo Koshiro, mtunzi wa muziki wa Streets of Rage. Kuna Tetris, iliyokwama 1989 kwenye mgogoro wa haki, na kuna Darius, ambayo mashine hiyo haikuipata kamwe enzi zake.

Ukitaka kupima haki, usilinganishe Mario wa Nintendo na Sonic wa Sega, maana hapo kila mtu anatetea utoto wake. Tafuta kampuni zilizofanya kazi pande zote mbili. Konami wamo kwenye visanduku vyote. Super Castlevania IV ina mjeledi unaopiga kila upande na chumba kinachozunguka huku wewe umening'inia. Hapo chipu ya picha ya Super inafanya kazi iliyoletwa kuifanya. Bloodlines, Castlevania ya Mega Drive, haina msaada huo wa chipu, lakini ina mnara wa Pisa unaoupanda huku unayumba, na waliutengeneza kwa ujanja mtupu. Ya Super inapendeza, ya Sega inanichangamsha zaidi. Contra III ya Super ni safi kila hatua, na Contra ya Mega Drive, Hard Corps, ni wazimu, wahusika wanne na mmoja wao mbwamwitu mwenye bunduki badala ya mkono. Hard Corps ni ngumu mno. Mpwa wangu aliiacha akaenda kulala kabla ya daku, mtoto ambaye huwa halali.

Capcom nao wamo pande zote kwa Street Fighter II, na hapa Sega wanaaibika. Gemu inataka vitufe sita, ngumi tatu na mateke matatu. Pedi ya Super inavyo sita, vinne juu na viwili mabegani. Mega Drive Mini ya Ulaya na Marekani imekuja na pedi za vitufe vitatu, na kutoka kwenye ngumi kwenda kwenye teke unabonyeza Start katikati ya vita. Ukimaliza kubonyeza umeshalala chini. Na ni Sega hao hao waliotoa pedi ya vitufe sita 1993 kwa ajili ya gemu hii hii! Wajapani kwenye Mini yao waliwekewa za sita. Sisi wengine tukaonekana tutaridhika na tatu.

Nikiwa bado kwenye pedi: ya Super imetulia zaidi mkononi, msalaba wake hauteleziteleza, huupigi juu ukapata pembeni. Lakini matundu yake ni kero ya fundi. Uso wa mbele unaouona ni wa bandia. Unauvuta, unabaki umening'inia kwa ulimi wa plastiki, na nyuma yake ndiyo yapo matundu ya kweli, ya aina ile ya pedi ndogo ya Wii. Ulimi huo ukikatika sina cha kukufanyia. Mega Drive Mini ina USB ya kawaida, na tundu la USB ukilivunja nalibadilisha hapa hapa kibandani kabla chai haijapoa. Waya zake pia ni ndefu zaidi, na kwa sisi tunaokaa mkekani TV ikiwa juu ya kabati, urefu wa waya si jambo dogo.

Kwa umbo la nje Sega wameshinda bila ubishi. Vile vifuniko vya mahali pa kaseti vinafunguka. Kile kijiti cha sauti kinasogea. Kifuniko cha ubavuni kinatoka. Hakuna hata kimoja kinachofanya kazi yoyote, na watoto walivichezea muda mrefu kuliko gemu kadhaa zilizomo.

Sonic nimeiweka kiporo makusudi. Wazanzibari tulikuwa na televisheni ya rangi toka 1973, kabla ya Bara kuwa na stesheni yoyote, na TV zetu zilikuwa za PAL, picha 50 kwa sekunde. Mashine za Japani na Marekani zilikwenda 60. Gemu nyingi zilizoletwa kwa nchi za PAL hazikurekebishwa, zikawa zinakwenda polepole, karibu moja ya sita ya kasi imepotea, na muziki nao umelegea. Visanduku hivi vyote viwili vinaendesha gemu kwa 60. Nilipowasha Sonic ya 1991, vijana hawakuona kitu cha ajabu. Mimi nilisimama. Muziki wa Green Hill, hatua ya kwanza, niliouzoea ulikuwa wimbo wa mtu aliyechoka. Huu ulikuwa umepata usingizi. Miaka yote hiyo ami alikuwa anatuambia Sonic ni mwepesi kuliko Mario, na kumbe Sonic wake mwenyewe alikuwa anatembea na breki.

Wepesi huo ndio uliobadilisha biashara Marekani. Tom Kalinske, aliyeingia Sega ya huko 1990 na aliyewahi kuongoza kampuni ya midoli ya Mattel, alishusha bei ya Genesis, jina la Mega Drive kule, mpaka dola 149, akaitoa gemu ya Altered Beast kwenye boksi akaweka Sonic. Super Nintendo ilipofika Agosti 1991 kwa dola 199, ikakuta mwenzake ameshatandika mkeka. Matangazo ya Sega yalikuwa yakimtukana Nintendo kwa jina. Mwaka 1993 gemu ya mapigano ya Mortal Kombat ikatoka kwenye mashine zote: Nintendo wakageuza damu kuwa jasho la kijivu, Sega wakaiacha damu ifunguliwe kwa msimbo wa siri, na ya Sega ikauza zaidi. Desemba mwaka huo wote wawili wakaitwa mbele ya maseneta wa Marekani, na hata pale walikuwa wanasutana. Mortal Kombat yenyewe haimo kwenye kisanduku chochote kati ya hivi viwili. Altered Beast imo, na sijui nani aliikumbuka.

Mwisho wa hesabu Super iliuza mashine milioni 49.1, na Mega Drive milioni 30 na kitu. Sega waliacha kutengeneza mashine 2001, na mwaka huo huo Sonic akaonekana kwenye GameCube, mashine ya Nintendo. Ami alikuwa hai bado. Hakuna aliyethubutu kumtania.

Malalamiko sasa. Visanduku viwili, gemu 63, na hakuna mpira. Hata mmoja! FIFA ya kwanza kabisa ilianzia kwenye Mega Drive 1993, na EA walioitengeneza waliingia Sega baada ya kuichambua mashine wenyewe mpaka wakapata masharti nafuu, wakati Nintendo alikuwa akiwabana watengenezaji kwa idadi ya gemu kwa mwaka. Sasa ukiwaletea vijana wa Unguja mashine isiyo na mpira, utajieleza sana. Naelewa habari ya leseni za wachezaji na timu, lakini walau gemu moja ya timu za kubuni ingetosha. Kwa upande wa Sega, Sonic 3 pia haipo, na nafasi imepewa Virtua Fighter 2 iliyobanwa mpaka haijitambui.

Kwenye Super malalamiko yangu ni mengine. Gemu zake bora nyingi ni za kusoma. EarthBound, ambayo Ulaya haikufika enzi zake, Final Fantasy ya sita iliyoandikwa kama ya tatu, Secret of Mana, Super Mario RPG: zote ni Kiingereza kurasa kwa kurasa. Mtu mzima mwenye subira atakaa nazo miezi. Mtoto wa darasa la nne atakupa pedi akuulize hapa anasema nini, kila dakika, mpaka uchoke wewe. Super Metroid haina tatizo hilo, maneno machache, giza, njia zinazofunguka kidogo kidogo, na kwangu ndiyo gemu bora kuliko zote 63. Niliicheza usiku wa manane baada ya wote kulala, sauti chini, na kile kitendo cha kurudisha nyuma kilinifaa sana: ukifa unavuta muda kidogo kama mkanda wa video, unaendelea. Mega Drive Mini ina kusevu popote, nafasi nne kwa kila gemu, lakini kurudisha nyuma haina. Na Star Fox 2, iliyokamilika miaka ya tisini ikafungiwa kabatini, ilionekana rasmi kwa mara ya kwanza kwenye kisanduku hiki cha 2017. Inasuasua. Ina mawazo mazuri kuliko mwendo.

Lakini Ramadhani haikuwa ya peke yangu. Baada ya tarawehe nyumba ilijaa, watoto wa kaka yangu, majirani, mashemeji waliosema wanapita tu. Hapo Super ilipata Mario Kart na Street Fighter, ikacheza vizuri, halafu ikaishiwa pumzi mapema. Streets of Rage 2 haikuzimwa. Wawili wanatembea mtaani wanapiga wahuni, pedi ya vitufe vitatu inatosha kabisa, huhitaji kusoma neno, na mnaweza kupigana wenyewe kwa wenyewe kwa bahati mbaya. Au si kwa bahati mbaya: "Ami, ananipiga makusudi!" Ukivunja pipa unaweza kukuta kuku mzima wa kuokwa chini, ukimla unarudisha nguvu. Nimeshuhudia ndugu wa tumbo moja wakinuniana mpaka daku kwa sababu ya kuku huyo. Ikitoka hiyo inaingia Golden Axe, ikitoka Golden Axe inaingia Gunstar, halafu shemeji mmoja mtu mzima, mwenye ndevu, akagundua Columns, gemu ya kupanga vito, na pedi hatukuiona tena.

Kuhusu kununua: tahadhari na maboksi yanayofanana na Super Nintendo yaliyoandikwa gemu 620 au zaidi. Yamejaa madukani, Zanzibar hata Kariakoo. Nimeletewa mengi. Ndani mna gemu za NES ya zamani, nyingine zimerudiwa kwa majina tofauti, na nyuma yana zile waya za AV nyekundu, nyeupe na njano. Super Mini ya kweli ina HDMI, gemu 21, na ukirudi kwenye menyu unaweza kuhifadhi ulipoishia. Muuzaji akikuambia hii ni ile ile ila imeongezwa gemu, ondoka. Kwa Mega Drive Mini angalia pedi: lazima ziwe na ncha ya USB. Muombe aiwashe mbele yako, ingia Sonic, halafu itoe urudi kwenye menyu. Ikikurudisha kwenye menyu ya picha za maboksi huku muziki wa Koshiro unaanza, lipa.

Na ukishalipa, agiza pedi za vitufe sita za Retro-Bit zenye leseni ya Sega. Zinaingia moja kwa moja, na Street Fighter inakuwa gemu tena. Agiza mbili. Moja italeta ugomvi.